Sala ya Haraka Mbele ya Jiko Jipya

Sifa zote ni za Mungu aliye hai, aliyeniamsha leo nikiwa na macho ya kuiona karatasi na mkono wa kushika kalamu. Umri huu sikuuomba. Amenipa tu, nami kila asubuhi humshukuru kama mtu aliyeletewa zawadi mlangoni. Kwa jina lake naanza, na kama nitateleza nikajisifu humu ndani, anisamehe, maana habari ninayoileta ni ya aibu yangu mwenyewe.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, siku ya Jumamosi, niliposimama jikoni kwangu nikiwa na ndoo ya maji mkononi, paa linatoa moshi, na nyuma ya ukuta amelala mtu asiyeweza kutembea. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile. Nimezika, nimeuguza, nimeona mengi. Lakini hata leo nikisikia chuma kinalia kwa joto, ta, ta, ta, huacha nilichoshika nikaenda kuutazama moto.

Wakati huo tulikuwa tukikaa Temeke, enzi za Mwingereza. Usiifikirie Temeke hii unayoijua. Ilikuwa mikorosho na mashamba ya mihogo, nyumba moja hapa na nyingine kule, na njia ya mchanga ambayo mwenye baiskeli ilimlazimu kushuka aisukume. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Sisi ni watu wa Upareni, na hapa mjini hatukuwa na ndugu ila wale tuliokutana nao kanisani. Nyumba yetu ilikuwa ya fito na udongo, vyumba viwili, na jiko nyuma yake, vyote chini ya paa moja la makuti. Kuta zake, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba za huku, hazikupanda hadi kwenye paa. Mtu akikohoa chumbani, aliye jikoni humwambia pole.

Chumba kilichopakana na jiko kilikuwa cha mama mkwe wangu. Miguu yake ilikuwa imekufa, na hakuweza hata kujigeuza kitandani pasipo mtu wa kumsaidia. Tulimleta kutoka nyumbani ili nimtunze. Alikuwa mama mpole, lakini masikio yake hayakukosa kitu. Kutoka kitandani alijua nimeosha sufuria ngapi na ipi bado. Akiwa na furaha aliniita "mke wa mwanangu". Akiwa na la kunionya aliniita "binti". Jina jingine hakuwa nalo kwangu, nami, Mungu anajua, nililitamani.

Basi mume wangu akaniagizia jiko la chuma. Nilikuwa nimefundishwa kuoka mikate katika shule ya wasichana ya misheni, na tangu niolewe nilikuwa nikililia jiko lenye tanuri. Lilitengenezwa na fundi mmoja wa Kihindi, mzee wa madhehebu ya Shia, aliyekuwa na karakana yake kule mjini. Jina lake Fundi Gulamu. Alikuja nalo mwenyewe juu ya mkokoteni, miwani yake imefungwa kwa uzi sikioni, akiwafokea wasukumaji kila gurudumu lilipozama mchangani. Lilikuwa jiko jeusi la miguu minne. Upande mmoja lilikuwa na mlango wa kuni, na upande wa pili mlango wa tanuri. Chini palikuwa na kijilango kidogo cha kuingiza hewa. Nyuma palitoka bomba la moshi likapanda hadi nje ya paa. Pale lilipopita, fundi alikata makuti pande zote kwa upana wa shubiri mbili, akazungushia bati.

Alipomaliza hakuondoka. Alikaa juu ya kinu changu kilichopinduliwa, akanywa chai, akaniambia, "Mama, sasa sikiliza. Ndani nimejenga kwa matofali na udongo. Kwa macho pamekauka, lakini bado pana maji. Ukiwasha moto mkubwa, yale maji yatachemka ndani ya udongo na kutafuta njia ya kutokea. Udongo utapasuka, moto utapita nyuma. Na nyuma kuna nini?"

"Kuna ukuta," nikasema.

"Na juu ya ukuta?"

Nikatazama makuti.

"Haya. Mioto mitano midogo. Kila siku mmoja, na jiko lipoe kabisa kabla ya mwingine. Siku ya kwanza vijiti tu. Litanuka rangi, litatoa moshi kidogo, usiogope, fungua madirisha. Hiyo mitano ikiisha, ndipo upike unavyotaka."

Nikamwuliza nitajuaje kama moto umezidi, maana hatukuwa na chombo cha kupimia joto. Akaniambia niweke tone la maji juu ya jiko. Tone likikaa na kuchemka taratibu, ni salama. Likiruka na kukimbia huku na huku kama shanga, moto umezidi, nifunge hewa mara moja.

"Na tanuri, pima kwa mkono," akasema. "Mke wangu hutia mkono ndani, husoma salawati zake. Wewe unasali nini?"

"Baba Yetu," nikasema.

"Basi hiyo. Hii mioto mitano, mkono uweze kukaa mle ndani ukisali mara mbili. Baadaye, siku ya kuoka mkate, mara moja mpaka Amina. Usipofika Amina, tanuri ni kali, ngoja. Lakini isome kama unavyoisoma mbele ya Mungu, mama. Si kama wasukumaji wangu wanavyosoma wakitaka kwenda kula."

Wale wasukumaji wakacheka. Nami nikacheka. Na nyuma ya ukuta nikamsikia mama mkwe naye anacheka.

Alhamisi niliwasha moto wa kwanza, wa vijiti. Nikatia mkono tanurini, nikasali mara mbili taratibu, na mama mkwe akaitikia Amina kutoka kitandani, mara zote mbili. Nilifurahi sana, mwanangu. Nilijiona mtu mwenye nyumba.

Jioni ile mume wangu alirudi na habari. Mchungaji angekuja Jumapili baada ya ibada, yeye, mke wake na wazee wa kanisa, kumletea mama Chakula cha Bwana nyumbani, kwa kuwa alikuwa hajakipokea tangu atoke Upareni. Mama alilia kwa furaha. Nami pia nililia, lakini machozi yangu hayakuwa safi kama yake. Mke wa mchungaji nilisoma naye. Yeye ndiye aliyekuwa akisifiwa na walimu kwa mikate, na mimi nilikuwa nikifuata nyuma yake. Moyoni nikasema, Jumapili atakula mkate wangu, uliotoka katika jiko langu.

Nikahesabu siku. Alhamisi moto mmoja, Ijumaa wa pili. Jumamosi ungekuwa wa tatu tu. Nikajiambia kwamba mafundi huzidisha maneno ili lawama isiwafikie. Ndivyo mtu anavyojidanganya: hakani ushauri aliopewa, anaupunguza tu kidogo kidogo mpaka ulingane na haja yake.

Jumamosi mume wangu alikwenda kanisani na wenzake kufagia na kupanga viti. Nilikanda unga, nikautia hamira, nikaufunika. Jua la Temeke halichezi na hamira. Kufika saa saba unga ulikuwa umevimba, unataka kumwagika nje ya bakuli, na tanuri bado ni vuguvugu, kwa sababu moto niliokuwa nao ulikuwa mdogo kama nilivyoagizwa.

Pembeni ya mlango palikuwa na gunia la vifuu vya nazi. Nilikuwa nimepewa na jirani yangu Bi Mwanaidi, Mzaramo wa palepale, mwanamke mwenye maneno mengi na moyo mkubwa. Alipoliweka gunia alinitania, "Nyie watu wa milimani nazi mnaijua kwa jina tu. Tia kimoja kimoja, mwenzangu. Kifuu kina mafuta, hakichezewi." Mimi Upareni nilizoea kuni za milimani, zinazoshika moto polepole. Nilitia kifuu kimoja, kikawaka vizuri. Nikatia vitatu. Nikautazama unga. Kisha nikajaza mikono yote miwili, nikavisukuma ndani, nikafungua kijilango cha hewa hadi mwisho.

Moto ukaanza kuunguruma ndani ya bomba.

Nilidondosha tone la maji juu ya jiko. Liliruka, likakimbia, likatoweka. Nililiona, mwanangu. Siwezi kusema sikuliona. Nikafungua tanuri, nikatia mkono, nikaanza Baba Yetu. Sikufika hata nusu, joto likaniuma mpaka mfupani. Nikautoa mkono, nikaupuliza, nikaurudisha, na safari hii nikaisoma sala kwa mbio, maneno yakipandana, hadi nikaikamata Amina mkono ukiwa umeanza kuungua. Nikasema moyoni, haya, nimefika Amina.

Sauti ikatoka nyuma ya ukuta. "Binti, mbona leo Baba Yetu imekimbia?"

"Hamira hainingoji, mama," nikamjibu, na nikaingiza mikate.

Sijui ulipita muda gani. Kwanza ilikuja harufu ya rangi, kali, inawasha macho. Kisha chuma kikaanza kulia, ta, ta, kama mtu anayeliza vidole. Nilitazama bomba. Pale linapoanza kupanda lilikuwa limegeuka rangi, si jeusi tena, lina wekundu wa kahawa iliyochujwa, na wekundu ule ukawa unapanda. Niliutazama ukipanda huku nikijiambia utasimama. Ukafika usawa wa kifua changu. Ukafika usawa wa uso.

Ndipo nikasikia mlio mmoja mkubwa ndani ya jiko, na kutoka nyuma yake, mahali palipounganishwa kwa udongo, ukatoka ulimi wa moto ukaramba ukuta. Cheche zikaruka juu. Makuti ya mwaka wa tatu, makavu kama karatasi, yakaanza kutoa moshi mweupe juu kabisa, upande wa chumba cha mama.

Nilishika ndoo ya maji. Nilikuwa nimeiinua tayari.

"Usimwage!" Ilikuwa sauti ya mama mkwe, aliyeusikia mpini wa ndoo ukilia. Haikuwa na kelele, lakini haikuwa na shaka. "Chuma cha moto kitapasuka, kitakuchoma mvuke. Fundi alisema funga hewa. Funga hewa!"

"Mama, paa linashika moto!"

"Nauona moshi. Funga hewa kwanza. Kisha mchanga juu ya kuni. Kisha uje kwangu."

Mwanangu, fikiria. Yeye ndiye aliyelala chini ya ule moshi, miguu imekufa, macho yake yanautazama unavyotambaa kuelekea juu ya kitanda chake. Na alinipangia kazi yangu, akajiweka yeye mwisho.

Nikakifunga kijilango kwa mti wa mwiko. Ule mngurumo ukashuka. Nikachota mchanga mlangoni, Temeke mchanga hauna haja ya kutafutwa, nikautupa ndani juu ya vifuu, mara nne, mara tano, nikaufunga mlango wa kuni. Kisha nikapiga ukelele mmoja wa kumwita jirani, nikakimbilia chumbani. Majivu ya makuti yalikuwa yameanza kudondoka juu ya shuka lake. Nikampindua, nikambeba mgongoni. Hakuwa mzito. Nilisikia midomo yake sikioni mwangu ikisali, polepole, neno kwa neno, wala hakunihimiza.

Bi Mwanaidi alikwisha kufika. Hakuuliza kitu. Alikuwa na mti wake mrefu wenye ndoano wa kuangulia mapapai, na alianza kuyavuta makuti yale chini, huku akipiga kelele, "Yaangukie huku, yaangukie huku, Mola wangu!" Nilimweka mama chini ya kivuli cha mkorosho wa uani, nikarudi. Bi Mwanaidi akavuta, mimi nikakanyaga na kumwagia maji. Tulitoboa paa tundu ambalo ng'ombe angepita, lakini moto ukaishia hapo. Chumba cha mama kikabaki.

Tulipomaliza tulikaa chini mchangani, tumejaa masizi. Bi Mwanaidi alinitazama, akasema, "Nilikwambia kimoja kimoja, mwenzangu. Umetia vingapi?"

Na hapa, mwanangu, nitakuambia jambo ambalo kwangu ni baya kuliko moto. Mume wangu alipokuja mbio, ameuona moshi kutoka mbali, neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa, "Ni vile vifuu alivyotuletea Bi Mwanaidi." Nilikwisha kufungua mdomo. Mama mkwe akaniwahi. "Mwache kwanza apumzike," akamwambia mwanawe. "Nenda ukatazame paa."

Mume wangu alipokwenda, mama akaniita karibu. Nilipiga magoti pale kivulini nikamwomba radhi, nikilia. Akaniacha nilie. Kisha akasema, "Alhamisi na jana uliposali mbele ya jiko, nami nilisali na wewe. Leo sikuweza kukufuata. Nikajua tanuri ni kali, maana nimekusikia ukiikimbia. Unajua ulichofanya? Umechukua sala ukaifanya ya kuudanganya mkono wako. Mungu hakudanganyika, na moto pia haukudanganyika. Aliyedanganyika ni wewe peke yako." Akaelekeza kidole kwenye paa. "Na yule mwanamke aliyelivuta paa letu kwa mti wake wa mapapai, usimtupie hata neno moja. Kaseme mwenyewe kwa mumeo kama ilivyokuwa."

Nikasema nitasema. Na nilisema, jioni ile ile, yote.

Jumapili mchungaji alikuja. Mikate yangu ilikuwa imekuwa makaa, tukaitupa. Bi Mwanaidi, Mwislamu wa watu, alileta sinia la mihogo iliyopikwa kwa nazi, akaliacha mlangoni, akasema, "Wageni wenu wasije wakarudi makwao wakasema Temeke hakuna chakula." Mke wa mchungaji alikula akaomba tena. Lakini hilo lilikuwa baadaye. Kwanza tulijaa katika chumba kile, kinachonuka moshi, na mwanga wa jua ukiingia kutoka jikoni juu ya ukuta, kupitia tundu la paa. Tulipofika kwenye Baba Yetu, mama mkwe alinishika mkono, huu wa kulia, uliokuwa umefungwa kitambaa kwa sababu ya malengelenge. Akaisali polepole sana. Wageni wote walifika Amina, yeye bado yuko katikati. Mchungaji akainamisha kichwa, akangoja. Wote wakangoja. Nami nikawa naye neno kwa neno, mpaka tukafika, mimi na yeye, peke yetu. Na baada ya Amina akaniambia kwa sauti ndogo, "Hivyo, mwanangu."

Ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo.

Fundi Gulamu alikuja Jumanne. Alilizunguka jiko, akaingiza kidole kwenye ufa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mama," akasema, "leo nitakaa juu ya kinu chako tena, nitasema yale yale." Sikuona haya kuyasikiliza. Alibomoa ndani, akajenga upya, akaongeza ngao ya bati kati ya jiko na ukuta, kwa upana wa kiganja ili hewa ipite. Nami nikaanza mioto mitano kutoka mwanzo. Safari hii tulimtandikia mama mkeka jikoni, mbali kidogo na jiko, akiegemea mito. Mimi nilitia mkono, yeye alisali. Sikuwa na mamlaka juu ya mwendo wa sala. Siku ya sita nilioka, na mkate wa kwanza uliotoka nilimpelekea Bi Mwanaidi. Aliunusa, akasema, "Sasa huu umepikwa na mtu mwenye akili." Jiko lile lilitupikia miaka mingi, na mama mkwe aliishi kula mikate yake mpaka Mungu alipomwita, kwa amani, kitandani pake, chini ya paa zima.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiletewa jiko jipya, liwe la chuma au la udongo, usilidai kazi ya mwaka siku ya kwanza. Liwashie moto mdogo, liache lipoe, rudia kesho, mpaka maji yaliyojificha ndani yake yatoke kwa utaratibu. Bomba lisigusane na kitu kinachowaka. Weka mchanga karibu kabla hujauhitaji. Ukiona bomba linageuka rangi, funga hewa, wala usimwage maji juu ya chuma chekundu. Kipimo ulichopewa, kipime kwa uaminifu, hasa siku ile unapotamani kikupe jibu lako mwenyewe. Na ukikosea, sema umekosea wewe, usimtafute jirani. Tena isome sala yako kama mtu anayesikilizwa, maana huenda nyuma ya ukuta yuko anayekufuata neno kwa neno, na maisha yake yamo mkononi mwako.

Mungu aliyetuvusha siku ile aulinde moto wa nyumba yako, uwapikie watoto usiwadhuru. Awape wazee wako kulala bila hofu chini ya paa lako. Na wewe uliyenisoma hadi hapa, akufikishe Amina yako bila haraka, na awepo mtu wa kuisema pamoja nawe.